Kumsalimu Mkubwa Ukiwa Umelala

Nashukuru nilianguka kutoka juu ya bati. Najua si jambo la kushukuru, na mke wangu kila akinisikia nalisema hunikata jicho, maana ni yeye aliyenikanda kwa maji ya moto miezi yote ile. Lakini ndivyo ilivyo. Nilikuwa nimestaafu kazi ya karakana ya reli hapa Kilosa, mikono bado ina nguvu, hasira ninazo za kutosha mtaa mzima. Bati la jikoni likawa linavuja. Mke wangu akasema ningoje apatikane mtu wa kunishikia ngazi. Nikamjibu kwamba tangu nizaliwe sijawahi kushikiwa ngazi. Nikapanda. Ngazi ikateleza, nami nikashuka kwa mgongo.

Mfupa ulipona, lakini kiti cha baiskeli kikawa adui yangu. Nikikaa dakika chache tu, moto unapanda kutoka kiunoni mpaka shingoni. Mwenye gari hawezi kuuelewa msiba huo. Babu yangu aliletwa Kilosa na mkonge, baba yangu akabakizwa na reli, mimi nikawa mtu wa baiskeli: kazini kwa baiskeli, shambani kwa baiskeli, hata posa niliipeleka kwa baiskeli. Sasa nikawa mtu wa kukaa kibarazani kugombana na kuku.

Nyuma ya nyumba nina banda, na ndani yake mashine ya kuchomelea niliyoinunua kwa kiinua mgongo changu, jina ambalo baada ya kuanguka lilinichekesha peke yangu. Vijana wawili wa mtaani walikuwa wakija pale kuziba pancha. Mmoja alikuwa hodari wa maneno, simu haitoki mkononi. Nitamwita kijana wa simu. Mwingine wazazi wake ni wafugaji waliohamia kutoka mbugani, maneno machache, vidole vyake vinafunga kamba hata gizani. Huyo nitamwita kijana wa ng'ombe. Siku moja kijana wa simu akaniletea video. Mzungu amelala chali juu ya baiskeli, miguu imetangulia mbele, anakanyaga pedeli huku anatabasamu kama mtu aliyeshiba.

"Huyo ni mvivu," nikamwambia. "Hata baiskeli anataka aiendeshe usingizini."

Kijana wa ng'ombe akachungulia, akasema neno moja tu. "Mgongo."

Nikaitazama simu tena. Mgongo wa yule mzungu ulikuwa umeegemea wote, haubebi kitu. Nikaomba niione tena, na tena, mpaka kijana akalalamika kwamba nammalizia bando lake.

Tulianza siku ileile. Baiskeli mbili kuukuu tulizikata, tukaziunga kwa bomba la geti lililovunjika. Cheni tuliunganisha mbili na nusu, maana pedeli zilikuwa mbele kabisa na gurudumu linalovutwa liko nyuma. Kiti kilitushinda kwa wiki mbili, mpaka kijana wa ng'ombe alipochana tyubu za zamani akazisuka kwenye fremu kama kitanda cha kamba. Ya kwanza iliniangusha mtaroni. Ya pili ilikunja kona pale isipotakiwa. Ya tatu ikaenda. Nilitoka nayo mpaka stesheni nikarudi, watoto wananikimbilia nyuma wakiimba kwamba babu kaamka na kitanda chake. Nilipofika nyumbani nililia. Sikujificha. Mke wangu akaniletea maji, akasema sasa angalau kuku watapumzika.

Nawashukuru wale vijana. Sikuwahi kuwaambia vizuri, maana mimi nikitaka kushukuru hutoka ukali.

Basi ikawa wanaiazima. Na hapo ndipo kilipotokea kile kilichofanya mtaa usitulie. Kijana wa simu alikuwa akiteremka kwa kasi kuelekea sokoni, kalala chali, nyayo mbele, akakutana na mzee mmoja wa mtaa wetu, mtu mzima kuliko hata mimi. Kwa adabu yake akasema, "Shikamoo babu." Mzee hakuitikia. Jioni alikuja kwangu na fimbo yake, akakataa kiti, akakataa chai.

"Leo nimesalimiwa na nyayo," akasema. "Nataka kujua kama ni wewe unayewafundisha."

Kwetu salamu si mchezo. Mtu anaweza kukusamehe kuku uliyemla, lakini shikamoo uliyoipeleka vibaya ataikumbuka mpaka kaburini. Na kweli, ukifikiri: mtu amelala, amekunyooshea miguu, halafu anakuomba umwitikie marahaba. Nilimwomba radhi yule mzee, nikawaita vijana, nikawapa maneno ambayo sitayaandika. Kisha nikachukua chaki nikaandika kwenye ukuta wa banda kwa herufi kubwa: TEREMKA, SIMAMA, USALIMIE. Nikawaambia atakayemsalimia mtu mzima akiwa kalala, banda langu asilikanyage tena. Nilijiona nimemaliza kazi ya maana.

Wakati huohuo kulikuwa na binti wa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Nitamwita Binti tu, ndivyo nilivyokuwa nikimwita. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, anatembea kwa fimbo, kwa sababu nyonga yake ya kushoto iliugua utotoni na haikukunjika vizuri tena. Mguu huo hawezi kuuinua kuuvusha juu ya baiskeli ya kawaida. Alikuja akasimama ukutani siku tatu, anatutazama. Siku ya nne akasema, "Shikamoo babu. Pale ulipochomelea pana ufa."

Nilitaka kumfukuza. Miaka yote niliyochomelea mabehewa, leo nifundishwe na mtoto aliyesimama ukutani? Nikainama nitazame ili nimwonyeshe kwamba hajui. Ufa ulikuwapo. Mwembamba kama unywele, mahali ambapo pangekatika ningeacha meno barabarani. Nikamkabidhi miwani ya kuchomelea. Baada ya miezi michache kazi yake ilikuwa safi kuliko yangu, na vijana wakaanza kumpelekea yeye kwanza vyuma vyao, mimi wakaniletea soga.

Akapata barua ya kukubaliwa kusomea uchomeleaji katika chuo cha ufundi Mikumi. Bibi yake mzaa baba anakaa hukohuko, pembeni kabisa ya mji upande wa njia ya Kilosa, na chumba kipo. Lakini kutoka kwa bibi mpaka chuoni ni mbali kwa mtu wa fimbo. Baba yake akakataa. Huyu baba ni mkulima wa mpunga, mashamba yake yako Tindiga, anakwenda na kurudi kwa pikipiki. Mtu wa maneno mafupi, akiingia uani kwako unajikuta umekaa sawasawa. Hakukataa masomo. Alisema, "Mwanangu hatabebwa asubuhi na jioni na waendesha bodaboda nisiowajua. Kama hawezi kujipeleka mwenyewe, atabaki hapa."

Tukasema basi atajipeleka mwenyewe. Tukamtengenezea yake.

Ya Binti ilikuwa na magurudumu matatu, moja mbele na mawili nyuma, ili asihangaike kuisimamisha. Mke wangu alimlaza kwenye mkeka uani, akamchora kwa chaki pembeni mwa mwili mzima, nasi tukapima fremu kwa mchoro ule. Akiwa ameegemea, nyonga ilifunguka kiasi chake na haikulalamika. Mkono wa pedeli wa kushoto ulifupishwa, kwa hiyo mguu ule ulikuwa unazunguka duara dogo. Siku ya kwanza alizunguka uwanja wa shule mara nyingi mpaka mke wangu akamfuata na uji. Hakuwahi maishani mwake kujipeleka mahali kwa kasi kuliko mtu anayetembea. Uso wake siku hiyo sitausahau.

Ila kiti kilikuwa chini sana. Kuinuka pale ilikuwa kazi: anajigeuza kwa ubavu wa kulia, anakita fimbo, anajivuta kwa hatua tatu, na kila hatua unaiona machoni. Mke wangu aliliona kabla yangu. Akanyoosha kidole kwenye maandishi yangu ya ukutani.

"Na huyu, kila mkubwa akipita, ateremke?"

"Heshima si utumwa," nikamjibu.

Akaokota mkeka wake akaingia ndani.

Baba akaja kuiona baiskeli. Akaizunguka mara mbili mikono nyuma. "Hapo ndipo atakapolala akiwasalimia watu?" akauliza. Bila shaka habari za salamu ya nyayo zilimfikia. Nikamwonyesha ukuta. Akausoma polepole, akatikisa kichwa kwa kukubali, nami nikavimba. Kisha akatoa sharti lake. Dada yake anakaa Zombo. Binti aanzie kwa shangazi huyo Zombo, aende mpaka kwa bibi yake Mikumi, asibebwe, asisukumwe. Njia ile ina ndugu na marafiki zao tele, kwa hiyo asifikirie kwamba hataonekana.

"Na nisisikie kampita mtu mzima amelala," akasema. "Akifika, tutazungumza. Asipofika, barua nairudisha mwenyewe."

Siku niliichagua mimi, na nilikosea kama anavyokosea mtu anayejiona ana akili. Nilichagua siku ya gulio la Zombo. Nilifikiri kwamba siku ya gulio njia ina watu, likitokea la kutokea msaada upo. Sikujiuliza watu wenyewe ni akina nani. Ni akina mama wenye vikapu vya nyanya na kuku, ni wazee waliovaa koti la heshima kwenda kununua jembe moja, wengi kwa miguu, wote wanamjia usoni, na karibu wote wakubwa kuliko binti wa kidato cha nne.

Tuliondoka kwa shangazi jua likichomoza. Binti mbele, mimi nyuma yake kwenye kitanda changu, vijana wawili nyuma yangu kwenye baiskeli za kawaida na pampu na gundi. Baba alitupita na pikipiki, akasema anamngoja kwa bibi kabla ya chakula cha mchana. Barua ilikuwa mfukoni mwa shati lake. Niliiona pembe yake.

Mzee wa kwanza tulikutana naye hata kabla ya kona ya kwanza. Binti akakamata breki, akajigeuza ubavu, akakita fimbo, akainuka, akasema, "Shikamoo mzee." "Marahaba binti. Hujambo? Wa huko utokako hawajambo? Na hiki ni kitu gani tena?" Akajibu yote. Kisha akashika gurudumu, akajishusha, akaondoka. Nikawageukia vijana, nikawaambia mmeona adabu hiyo? Nilikuwa na furaha kama baba wa bibi harusi.

Akaja mama wa kikapu. Akateremka. Wakaja akina mama watatu pamoja. Akateremka. Akaja mzee na baiskeli yenye mkaa, naye akaona aibu binti amesimama yeye yuko kwenye baiskeli, akateremka na yeye, mkaa ukamwagika, tukasaidia kuokota. Nilihesabu mpaka ishirini, nikaacha kuhesabu. Kulikuwa na bibi mmoja mwenye jembe begani. Huyo aliuliza ukoo mzima, akagundua kwamba aliwahi kupakana shamba na bibi yake Binti, ikabidi salamu zianze upya tangu mwanzo. Salamu zetu hazina haraka. Kwa kawaida napenda hivyo.

Nikaanza kuona kwamba anainuka kwa hatua nne, halafu tano. Mgongo wa blauzi umelowa. Mdomo wa chini ameuuma mpaka umekuwa mweupe. Jua limepanda na Mikumi bado iko mbali. Nikakanyaga pedeli nikamfikia ubavuni.

"Usiteremke tena," nikamwambia. "Salimia hapohapo ulipo."

"Babu, umeandika ukutani."

"Nitafuta."

"Baba hajafuta." Alikuwa anahema. "Akisikia nimempita mtu mzima nimelala, hatauliza kama nimefika. Atauliza nimefikaje."

Nilikasirika, na kwa mazoea yangu nikatafuta wa kumkasirikia: baba yake, gulio, yule mzee wa mtaani na fimbo yake. Kila niliyemtafuta nilimkuta amesimama nyuma ya chaki yangu. Mimi ndiye niliyetunga sheria ile nikiwa na mgongo uliopona, nikafurahi kuisoma kila asubuhi.

Tulipofika kwenye mpando mmoja, wakaja wazee wawili. Binti akakamata breki, akajigeuza, akakita fimbo, na safari hii hakuinuka. Nyonga ilikuwa imejifunga. Alibaki amelala ubavu nusu, mkono mmoja chini kwenye vumbi, akawasalimia wale wazee huku machozi yanamtoka. Waliitikia kwa upole, wakasimama wasijue wafanye nini. Kijana wa simu akaanza kutafuta namba ya bodaboda. Nikamwambia fanya haraka.

"Msiite mtu," Binti akasema. Akajirudisha kitini, akajifuta uso kwa ncha ya ushungi. "Kuendesha hakuniumizi, babu. Naweza kuendesha mpaka jioni. Kuinuka ndiko kunakoniua."

Nikamtazama. Nikawatazama wale wazee wawili, bado wamesimama. Nikateremka kwenye kitanda changu, mgongo ukalia kama mlango, nikawaendea. Mimi si mtu wa kuomba. Mke wangu ni shahidi. Lakini nilivua kofia nikawaambia, "Wazee wangu, shikamooni. Binti huyu ana nyonga mbovu. Hawezi kusimama tena leo, na lazima afike Mikumi. Namwombea radhi. Anawasalimu akiwa hapo alipo."

Mmoja akasema, "Sasa ulikuwa unangoja nini kutuambia?"

Hilo lilinichoma kuliko mgongo.

Kuanzia hapo nikatangulia mimi. Nikiona mtu mzima anakuja, nasimama, nateremka, navua kofia, naeleza. Kisha Binti anapita polepole nyuma yangu, mkono kifuani, anasema shikamoo yake akiwa amelala. Nilijiandaa kwa maneno makali. Sikuyapata. Mama mmoja aliyetwishwa ndoo ya mafuta alisema marahaba kabla hata Binti hajafungua mdomo, akamwongezea na Mungu akufikishe. Mzee mmoja alivua kofia yake na yeye, eti mwenye kofia mkononi ni mimi peke yangu haipendezi. Sijui majina yao, na ningeyajua nisingeyaandika, lakini kila siku nawashukuru wale watu wa gulio. Waliikubali heshima ya yule mtoto kwa namna aliyoweza kuitoa, na hawakuniuliza kwa nini sikufikiri hivyo mapema, isipokuwa yule mmoja.

Karibu na Mikumi tulimkuta mzee wa kifugaji amesimama na fimbo yake kando ya njia, Kiswahili chake cha shida. Maelezo yangu yakamchanganya. Kijana wa ng'ombe akaja mbele, akainamisha kichwa, mzee akamgusa utosini, ndivyo wanavyosalimiana kwao mkubwa na mdogo. Wakazungumza kwa lugha yao. Kisha yule mzee akamsogelea Binti, akaweka kiganja chake juu ya ushungi wake, taratibu, bila ya kuinama wala kujinyoosha. Kichwa kilikuwa mahali pake hasa. Akasema neno, akaenda zake.

"Kasemaje?" nikauliza.

"Kasema huyu anajua kukaa," akajibu kijana wa ng'ombe.

Binti akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

Baba tulimkuta kwenye njia, kabla ya nyumba ya bibi. Muda wa chakula ulikuwa umepita zamani. Pikipiki ameiegesha, amesimama mikono nyuma. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nimetangulia, nilimfikia kwanza. Nikateremka, nikavua kofia, nikaanza hotuba yangu.

"Nimeshasikia, Mzee," akanikatiza. "Watu wa bodaboda wamekuwa wakipita hapa tangu asubuhi. Njia nzima imeniambia."

"Wamekuambia nini?"

Alikuwa anatazama njia. Niliona pembe ya barua mfukoni mwake, na nilitaka kumnyang'anya, Mungu anisamehe, nikiwa na umri huu.

Binti akatokea kwenye kona. Alimwona baba yake, akakamata breki. Kabla sijapaza sauti, alikuwa ameshajigeuza ubavu na fimbo ameikita chini. Akainuka nusu, akarudi chini. Akavuta pumzi, akajaribu tena, akarudi tena. Nikapiga hatua kwenda kumshika. Baba akanyoosha mkono kunizuia, bila hata kunitazama. Wakati ule nilimchukia yule mtu. Nasema ukweli, nilimchukia kabisa.

Yeye akaenda. Alitembea polepole mpaka mbele ya baiskeli, mahali ambapo nyayo za mwanawe zilimtazama usoni, na akachuchumaa. Suruali yake ilikuwa safi, ya kwendea kwa mama yake. Ikakaa kwenye vumbi. Sijawahi kumwona mtu yule akichuchumaa mbele ya mtu yeyote. Alishuka mpaka kichwa chake kikawa chini ya kichwa cha Binti.

"Kaa," akasema.

Binti akaachia fimbo, akajirudisha kitini.

"Shikamoo baba," akasema, amelala vilevile.

"Marahaba."

Kisha akauliza, "Kinachouma ni kuendesha au kuinuka?"

"Kuinuka."

Akaitikia kwa kichwa, mara moja, kama anavyofanya anapopatana bei ya mpunga. Hakusema pole. Hakusema hongera. Alibaki pale chini, mkono mmoja juu ya gurudumu la mbele, kisha akageuza shingo akanitafuta kwa macho.

"Mzee," akasema, "chuo kinafungua lini?"

Nikamwambia. Kama kawaida yangu nikishukuru, ilitoka ukali.